Shemeji wa Ubavuni

Siku hizi mume huunganishwa na mkewe kama yule samaki wa kilindini, ambaye dume lake humng'ata jike ubavuni mpaka damu zao zinachanganyika. Katika mwaka wa tatu wa kuunganishwa kwao, Mahfudh alikuwa ameshapoteza macho na meno, amebaki uvimbe wenye joto chini ya mbavu za Mwanahija. Mwanahija alikuwa mpenda pilipili. Sasa hakuweza hata kuionja, kama alivyokuwa Mahfudh kabla hawajaunganishwa.

Asubuhi moja mdogo wa Mwanahija, Raya, alikuja na mikate ya mofa. Aliuinamia ule uvimbe kwa adabu ileile ya zamani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," kilijibu kinywa cha Mwanahija.

Raya akacheka. "Dada, mbona unamwitikia wewe?"

Mwanahija akajigusa midomo. Yeye alikuwa bado hajasema kitu.