Mke wa Kiziwi

"Huyu mzee wangu ni kiziwi," Gaudensia aliwaambia wageni kabla hawajakaa. "Msihangaike kumsalimia. Ni sawa na kusalimia kinu."

Wageni walikuwa wanakwaya watatu. Walitazamana. Anatoli, aliyekaa mbele ya televisheni na ekuteri, vile visikilizio visivyo na waya, masikioni, alitabasamu, akaendelea kutazama habari. Gaudensia alimwonea aibu. Seremala mwenye kifua kama mlango, miaka hamsini na sita tu, na tayari amevaa madude kichwani kama rubani asiye na ndege.

Yalianza mwezi wa Februari. Jioni moja jirani yao Nazario alikuja uani amekunja uso, akabwabwaja jambo kuhusu televisheni. Gaudensia hakumwelewa. Tangu warudi kutoka ukimbizini Tanzania, miaka minne sasa, alikuwa hajaona mtu wa Gitega anayejua kufungua mdomo. Kule kambini watu walisema wakasikika. Hawa wa hapa wanaongea na vifua vyao. Hata mvua yao ni legelege: inanyesha juu ya bati, mtu asijue mpaka aone ua umelowa.

Anatoli alimtoa Nazario nje ya ua, wakaongea kwa muda mrefu. Aliporudi, alikaa mbele ya mkewe na kumwambia polepole, "Mama Jeska, televisheni inapiga kelele kwa ajili yangu. Masikio yangu yamekwisha."

"Nilijua," alisema Gaudensia. "Kila nikikuita huitiki."

Wiki hiyohiyo Anatoli alimleta Mushagalusa, Mkongo anayeuza vyombo vya umeme sokoni. Huyo Gaudensia alimpenda, kwa sababu alizoea kunadi bidhaa zake kwa kupaza sauti, na hata nyumbani kwa watu hakuishusha. Mushagalusa alichomeka kijisanduku nyuma ya televisheni, kisha akatoa ekuteri kwenye katoni.

"Iko mbili, mama. Hii ya muzee, hii ya weye. Sauti iko inapanda mpaka kabisa."

"Mimi za nini?"

Mushagalusa alimtazama Anatoli.

"Za kunisindikiza," alisema Anatoli. "Nikivaa peke yangu nitaonekana mtu aliyetengwa."

Gaudensia alikubali kwa huruma. Na lazima aseme ukweli, tangu siku ile watangazaji walianza kusoma habari kama watu walioshiba. Kila jioni wawili hao walikaa bega kwa bega, televisheni yenyewe kimya, na Nazario akaanza tena kuwasalimu.

Lakini huruma yake haikufika mbali. Alimsema mumewe kisimani, akamsema mlangoni pa kanisa. Mtaa mzima ukamwita Anatoli kiziwi. Mteja mmoja aliyekuwa ameagiza madirisha ya nyumba nzima akayapeleka kwa seremala mwingine, eti mtu asiyesikia vipimo atakata nini? Anatoli hakubisha. Akakunja kipimio chake, akarudi kukaa karibu na mkewe.

"Hata kujitetea hawezi," Gaudensia alisema.

Yeye alikuwa na makubwa ya kufikiria. Alikuwa na kwaya, ile aliyoianzisha kambini na kurudi nayo nchini, mwaka wa kumi na moja sasa akiiongoza. Ndiyo mali pekee aliyovuka nayo mpaka. Lakini wanakwaya nao walikuwa wameharibika. Hawakuutazama tena mkono wake. Walimkodolea macho Elikana, mpiga ngoma, kama mbuzi walioona chumvi. Wazee wa kanisa walikuja nyumbani mara mbili. Mara zote mbili Anatoli aliwahi kufungua kabla Gaudensia hajajua kuna mtu, akazungumza nao uani, wakaondoka.

"Wametaka nini?"

"Wameniombea masikio," alisema Anatoli.

Ndipo ikaja habari kwamba bingwa wa masikio yuko Muyinga, atakaa wiki moja hospitalini. Gaudensia akasema wanakwenda. Anatoli, ambaye katika miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kumkatalia kitu, alikataa siku tatu mfululizo.

"Nimeshazoea, Mama Jeska."

"Mimi sijazoea kuitwa mke wa kiziwi."

Wakaenda.

Chumba cha kupimia kilikuwa ukumbi mmoja mrefu, na benchi ukutani iliyojaa watu waliowasindikiza wagonjwa wao. Muuguzi aliyeitwa Elyse, mwenye sauti ya juu kama inavyofaa mahali hapo, alimkalisha Anatoli akitazama ukuta.

"Muzee, hii kisanduku iko inatoa mulio. Ukisikia, unainua mukono. Usiposikia, basi. D'accord?"

Anatoli aliitikia kwa kichwa. Gaudensia alisimama kando, mikono kifuani.

Muuguzi alikiinua kisanduku nyuma ya kisogo cha Anatoli. Akageuza kitufe, akangoja. Akageuza tena, akangoja. Anatoli alikuwa ameweka mikono juu ya magoti na kufumba macho. Kuna wakati mabega yake yalishtuka, kama mtu anayesinzia ibadani. Muuguzi aliandika kitu, akageuza tena kitufe. Anatoli akayashika magoti yake kwa nguvu, na machozi yakaanza kumtoka. Mwanaume mzima, Gaudensia aliwaza, analia hata kabla ya kuguswa.

Subira ikamwishia.

"Binti, sisi tumetoka Gitega," alisema. "Anza basi."

Akageukia benchi kutafuta wa kumuunga mkono. Watu wote, kuanzia mwanzo wa benchi hadi mwisho, walikuwa wameziba masikio kwa vidole.