Unga Mweusi Kwenye Chujio

Mafundi wawili hapa Chamazi walishailaumu kabureta ya pikipiki ya Rosalia, na pikipiki yenyewe haina kabureta. Mafuta yake yanapulizwa na nozeli, inayoongozwa na kompyuta ndogo chini ya kiti.

"Ikipanda mlima inaishiwa nguvu, halafu inazima," aliniambia.

Plagi nilikuta imejaa masizi. Pampu ilikuwa nzima, na nozeli safi. Kama mafuta yapo, basi kinachokosekana ni hewa. Nikafungua chujio la hewa.

Nilitegemea mchanga wa barabara zetu. Nikakuta unga mweusi, laini kama wanja. Niliusugua kwa vidole, nikaunusa. Mie kwetu Mtwara, nimekulia kwenye vinyago. Ule ulikuwa mpingo.

"Dada, pikipiki inalala wapi?"

"Kwenye kibanda cha uani. Mume wangu anaiacha inaunguruma nusu saa kila asubuhi, anasema injini lazima ipate moto."

Injini ya aina hii haihitaji hata dakika mbili.

"Shemeji anafanya kazi gani?"

"Alikuwa mchongaji. Daktari alimkataza mwaka jana, vumbi limemharibu mapafu. Patasi zote aliziuza."

Nusu saa ya mngurumo inatosha kabisa kufunika mlio wa patasi. Aliviangalia vidole vyangu vyeusi kwa muda, kisha akalitazama chujio.

"Nifungie hilo kwenye gazeti," alisema. "Nitamwekea mezani, pembeni ya dawa zake za kifua."