Naam ya Mbaraka

Mbaraka alipenda kuchokonoa simu, na sasa alikuwa ameifundisha kumwita kwa sauti laini ya kike kila ujumbe ulipoingia.

“Mbaraka,” simu iliita.

“Naam,” akaitikia, akitabasamu.

Tatu, mkewe, alikuwa ameshamwita kutoka jikoni asijibiwe. Akatoka hadi sebuleni.

“Huyo unamwitikia, mimi mkeo unanikaushia?”

“Mke wangu, hata simu unaionea wivu?”

Mbaraka alipoingia kuoga, Tatu akaichukua simu. Akaifuta ile sauti, akarekodi yake, polepole, kama anavyombembeleza mtoto wao Salha.

Jioni simu ikaita mezani, “Mbaraka.”

“Naam, mama Salha.”

Wala hakuitazama simu. Aligeukia mlango wa jikoni, alikosimama Tatu, upawa mkononi, midomo ameifumba.