Paka wa Dengu

Daktari wa mifugo alimmulika paka machoni kwa tochi. Paka hakupepesa.

"Unamlisha nini, dada?"

"Dengu, kama mimi. Kwangu nyama haivuki kizingiti."

"Paka bila nyama hupofuka, kisha moyo humchoka. Huyu macho ndiyo basi tena. Ukianza leo kumpa samaki, moyo utapona."

"Niue kiumbe nilishe kiumbe? Thubutu!"

Paka alinusanusa hadi akakipata kidole cha bibiye, kile alichojikata asubuhi akimenya viazi. Akaibandua plasta kwa meno, akaanza kulamba jeraha huku akikoroma kwa raha.

Mwanamke akakichomoa kidole taratibu, akambusu paka utosini.

"Basi mchome ile sindano ya mwisho, daktari. Afe kabla hajazoea damu."