Tundu la Mama Hondohondo

Ndege walipokuwa bado na serikali yao, mkuu wao alikuwa Korongo, na hakuna alichokipenda kama kutoa amri. Mwaka huo aliamuru kila hondohondo jike ajifungie na kutaga, atake asitake.

Mama Hondohondo alimwendea Korongo akiwa na wasiwasi. Hondohondo jike anapotaga hujiziba kwa tope ndani ya tundu la mti, akaacha upenyo tu wa kulishwa na mumewe. Na mume wake alikuwa amevunjika bawa.

"Mheshimiwa, nitakula nini humo?"

"Serikali ipo, mama!" Korongo alijibu mbele ya ndege wote. "Itakulisha."

Mama hakubishana. Aliingia, akajiziba, akatoa mdomo upenyoni.

"Haya, Serikali! Njaa inauma."

Ndege wote wakamgeukia Korongo. Aibu ikamshika, akaruka kutafuta matunda. Kila alipoleta moja, mama alilimeza na kudai jingine. Kufikia jioni shingo ya Korongo ilikuwa imekakamaa.

"Toka, mama, nakuomba," alisema akihema. "Amri nimeifuta. Utataga ukitaka mwenyewe."

"Na chakula je?"

"Kitaletwa. Sasa naijua kazi yake."

Mama alibomoa tope, akavuta pumzi ndefu, akaenda kulala ubavuni mwa mumewe.

Misimu ikapita. Siku alipotaka mwenyewe, alijiziba tena. Wa kwanza kufika upenyoni alikuwa Korongo, na safari hii hakutoa hotuba, maana mdomo wake ulikuwa umejaa matunda.