Hatutoki Dirishani

"Ondoeni vigoda vyenu hapa!" Sista Auleria, nesi wa zamu, alifoka kutoka dirishani. "Hii ni wodi ya wazazi, siyo shughulini!"

Mwamvita akajiweka vizuri zaidi kwenye kigoda chake. Nyuma yake wanawake ishirini na sita, wote khanga za sare moja, nao wakajiweka vizuri. Thubutu! Hakuondoka mtu.

Ndani alikuwamo Farida, miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, peke yake tangu alfajiri. Kila uchungu ulipombana alimwita Mwamvita, na sauti ikapenya ukutani. Mwamvita alikuwa amemwahidi kwamba hatazaa mwenyewe kama yatima.

Ndiyo kazi ya Umoja wao wa Wasindikizaji. Hawazalishi, hiyo ni kazi ya manesi. Wao wanashika mkono, wanasugua mgongo, wanamtia mzazi moyo mpaka mtoto alie. Walianza wanne tu, pale Tandika, mwaka themanini na tisa, watu wakawacheka eti hawana kazi majumbani kwao. Wacheke! Sasa ni mwaka tisini na nne, wako Mtoni, wako Mbagala, hadi Kawe huko wamefungua tawi. Vituo vingine vyote vilishawakubali. Hiki cha Sista Auleria kilipelekewa barua tatu, jibu hakuna. Leo ndiyo wamekuja wenyewe.

Dirisha lilikuwa dogo, la kupokelea kadi. Walichokiona ni kofia nyeupe na uso uliovimba.

"Mwanangu," Mwamvita alisema, "mmoja wetu tu aingie."

"Mama, shikamoo, lakini haingii mtu. Vitanda vyenyewe..." Sista akakatisha. Akafumba macho, akang'ang'ania ukingo wa dirisha, akashusha pumzi ndefu.

"Mwone hasira zilivyompanda," akanong'ona Mwajabu, katibu wa Umoja.

"Zimpande tu. Zitashuka."

Kweli zikashuka. Sista akaanza upya: vitanda havitoshi, wanaleta kelele, wanaleta uchafu. Baada ya dakika chache akanyamaza tena ghafla, meno kayauma.

Farida akalia ndani. Mwamvita akasimama, uvumilivu umemwisha.

"Nisikilize. Miaka mitano nimekaa na wazazi mia na ushee. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia afadhali angekuwa peke yake. Ita polisi ukitaka. Watupeleke hata gerezani Segerea, tutakwenda na vigoda vyetu!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Sista aliushika ukingo kwa mikono miwili, kwa muda mrefu, jasho likimtiririka hadi shingoni. Kisha akalibamiza dirisha.

"Haya, kaenda kupiga simu polisi," Mwajabu akasema.

"Na waje." Mwamvita akajifunga khanga kiunoni, akakaza.

Komeo la mlango likalia. Mlango ukafunguka nusu.

"Waingie wawili," ikasema sauti ya Sista, sasa haina ukali.

"Wawili?" Mwamvita akashangaa. "Mbona mzazi wetu ni mmoja tu, Farida?"

Sista Auleria akajitokeza mzima mzima, mkono mmoja ukutani, wa pili chini ya tumbo lake kubwa.

"Mmoja akae na Farida," alisema. "Mwingine anishike mimi."