Makali Yaliyopinda

Tangu asubuhi Chiku alikuwa akisugua kisu cha randa ya marehemu baba yake juu ya jiwe, na kila alipokiinua kukitazama alikuta makali bado yamelalia upande.

"Miaka hamsini ya useremala, baba, na kunoa hukujua!" alifoka, akamwagia jiwe maji mengine.

"Acha kumsema baba yako," mama yake aliitikia kutoka ndani. Mlango wa chumba chake ulikuwa umevimba kwa mvua, na tangu mazishi alikuwa akilala nao wazi. "Mwenyewe alikuwa akiupitishia randa mara mbili tu, unafunga."

Adhuhuri makali yalinyooka kama rula. Chiku akakirudisha kisu kwenye randa, akaung'oa mlango kwenye bawaba, akausimamisha kwa ubavu, akasukuma. Randa ikakwama, ikachimba ubao upande wa kushoto. Kulia haikugusa kitu. Akasukuma tena kwa hasira. Ikachimba tena.

Akaigeuza randa chini juu. Tumbo lake la mti lilikuwa limelika upande mmoja, ule uliokandamizwa miaka yote na mkono wa baba yake, mtu wa mashoto. Makali aliyoyanyoosha yalikuwa yamepindishwa makusudi, yalifuate tumbo hilo.

"Tayari, mwanangu?"

Juu ya jiwe, tope la chuma lilikuwa limeanza kukauka. Chiku aliihamishia randa mkono wa kushoto. Vidole vyake vikatumbukia kwenye mabonde yaliyochimbwa na vidole vingine.

"Bado kidogo, mama," alisema, wala hakusukuma.